Shajara ya saiti ya Ihumwa: vyumba viwili, mafundi wote kina mama

Mei 3, 2025: kazi yenyewe

Nyumba ni ndogo tu, vyumba viwili vya kupangisha, pande za Ihumwa hapa Dodoma, njia ya kwenda Mji wa Serikali Mtumba. Kila chumba ndani ni mita 3.5 kwa 3.5, tofali za nchi 6, paa la mgongo mmoja. Mwenye nyumba ni nesi mstaafu, sisi tunamwita Mama tu. Yeye ananunua vifaa vyote vya ujenzi, sisi tumepatana nae ufundi kwa 3,600,000 kuanzia msingi mpaka bati, lipu na sakafu. Rangi na umeme havimo.

Tuko sita. Mimi mwashi, nina cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Mwenzangu ni seremala, kajifunzia kwa baba yake, hana karatasi hata moja ila kenchi zake za paa hazina ubishi. Wanne waliobaki wana miaka kwenye saiti, wamebeba zege la maghorofa mengi tu ya mji huu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukabidhiwa pimamaji, kile kifaa chenye tone la kuonyesha kama ukuta umenyooka.

Hapo ndo penyewe. Tangu Serikali ihamie Dodoma kazi kwa kina mama hazijakosekana, nani kasema zimekosekana? Kuchota maji zipo, kubeba tofali zipo, kugonga kokoto zipo, kupikia mafundi zipo. Ila anakuja kijana wa kiume siku hiyo hiyo na wewe, mnabeba wote karai, baada ya miezi kadhaa fundi akienda kula anamwambia kijana hebu shika mwiko ujaribu kozi moja, yaani mstari mmoja wa tofali, wewe unaambiwa dada maji yameisha. Mwaka unaisha yeye anaitwa fundi analipwa 30,000 kwa siku wewe bado deiwaka, kibarua wa siku, wa 12,000 na mgongo unauma zaidi yake. Hakuna aliyekaa kikao akaamua iwe hivo, ni nani anapewa muda na kifaa mkononi basi.

Kwahiyo masharti ya saiti yetu ni haya: kila mtu kila siku lazima apime kitu, iwe kwa futi (tepu ya kupimia), timazi (uzi wenye chuma mwishoni) au pimamaji, na kubeba tunabeba wote, mimi na seremala tukiwemo. Malipo ni ngazi: unaanza 12,000, ukiweza kupandisha kona yako mwenyewe ikakaguliwa ikakubali unapanda 18,000, ukiweza kusimamia upande mzima ni 25,000. Naandika humu ili kikundi kingine kikitaka kuiga kijue wapi tuliliwa.

Mei 10: choo kwanza

Kabla hata ya kamba ya msingi tumejenga choo cha muda. Shimo, mirunda minne, bati kuukuu, mlango wenye komeo la ndani. 92,000 na tumetoa sisi. Mama alishangaa, mbona hela inaanza kwenda kwenye choo cha kubomoa? Nikamwambia Mama, wewe ni nesi unajua. Saiti nyingi choo ni kichaka, mwanaume anageuka ukutani kamaliza, mwanamke anaamua asinywe maji tangu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Jua la Dodoma hili, anabeba zege bila kunywa maji! UTI tunazijua kwa majina yake yote. Mama akacheka akasema haya jengeni, na kesho yake kaleta dumu la maji ya kunawa na sabuni kwa hela yake.

Vifaa kinga: buti sita, helmeti, glavu, riflekta, jumla 215,000. Shida haikua hela, shida ni saizi. Buti za saiti zinaanzia 40 madukani, mimi navaa 37. Tumezunguka sana mpaka tukapata muuzaji wa mitumba mwenye buti ndogo za ngozi zenye chuma mbele. Glavu za mpira tumenunua za kufanyia usafi nzito nzito maana zile za ujenzi vidole vinaelea ndani, ukishika nondo inateleza. Usivae kitu kikubwa eti ndo kipo, buti kubwa juu ya ngazi ni hatari kuliko kandambili.

Mwenzetu mmoja ana mtoto wa miezi mitano ananyonya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema likizo ya uzazi siku 84, mapacha 100, na ukirudi kazini unaruhusiwa mpaka masaa mawili kwa siku kunyonyesha. Deiwaka nani anampa? Wengi wanaacha kazi hapo hapo na hawarudi tena, au wanarudi kwenye kugonga kokoto maana kule unaweza kukaa na mtoto kivulini. Sisi tumekubaliana: binti wa kumshika mtoto 5,000 kwa siku inatoka kwenye mfuko wa kikundi sio kwa mama mtoto, kibanda cha turubai mbali na vumbi la saruji, na akienda kunyonyesha hakatwi. Kuna mmoja aliguna. Nikamwambia wewe ulipoacha kazi miaka ile uliacha kwa sababu gani? Kimya.

Mei 17: tofali

Hesabu ilikua tofali 830 pamoja na za kuvunjika. Kununua ni 1,400 moja, yaani 1,162,000. Kufyatua wenyewe kwa mfuko mmoja wa saruji tofali 32 ni mifuko 26, kwa 17,500 inakuja 455,000, ongeza mchanga, maji na kukodi mashine, bado Mama anaokoa hela ya maana. Tukafyatua.

Mzigo wa kwanza ulikua mbaya. Mwenye mashine alikuja na kijana wake, na kijana anajua kupeleka haraka tu, mchanganyiko mkavu ili tofali litoke kwenye boksi bila kuinama. Kesho yake jua limepiga, kona zinamenyeka kwa kidole. Jaribio letu ni rahisi, tofali la wiki moja dondosha toka kiunoni kwenye udongo mgumu, likipasuka vipande vipande halifai. Yakapasuka. Tukamrudisha kijana, mchanganyiko tukasimamia wenyewe: ukifinya mkononi ushikane na usiache maji. Alafu turubai juu, na kumwagilia asubuhi na jioni siku saba. Mzigo wa pili ukidondosha unasikia ngo! linabaki zima. Yale mabovu hatukuyatupa, yamekua kifusi cha ndani ya msingi.

Maji tunanunua boza. Kuna kisima jirani cha bure ila maji yake ya chumvi, na Dodoma ukitaka kujua chumvi inafanya nini tembea tu uangalie kuta za nyumba za zamani zilivyoliwa kuanzia chini. Kumbukeni hii, itarudi huko mbele.

Mei 24: kuseti msingi

Kuchimba tumewapa vijana wawili, 160,000, siwezi kumaliza nguvu za mafundi kwenye sululu.

Kuseti ndo tulikaa sana maana nilitaka wote wanne waseti, sio waangalie. Mfumo ni 3, 4, 5. Kutoka kwenye kona pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande mwingine, ukikatisha futi lazima isome mita 5 kamili, hapo kona yako iko sawa. Alafu unahakiki kwa kupima kona kwa kona nyumba nzima. Yetu kwa nje ni mita 7.45 kwa 3.80, kwahiyo mishazari yote miwili lazima isome 8.36. Wa kwanza ukasoma 8.36, wa pili 8.42. Sentimita 6!

Nikawaacha. Kwa kweli mikono iliniwasha lakini nikakaa kwenye toroli. Wakapima tena wakapata vile vile, wakaanza kulaumiana nani alishika futi vibaya, mwisho mmoja ambaye huwa haongei kabisa akafuata kamba kwa mkono taratibu mpaka akakuta kamba imeegemea jiwe karibu na kigingi cha kona ya nyuma. Ilikua inapinda kidogo sana huwezi kuona kwa macho. Wakatoa jiwe, wakasogeza kigingi, 8.36 na 8.36. Tangu siku hiyo mtu akitaka kuanza kozi lazima apitishe mkono kwenye kamba yote kwanza, na wanaitana kwa kelele "kamba ina jiweee?"

Siku ya kokoto dereva wa fuso kaja, kashuka na karatasi ya mzigo, kapita mbele yangu, kapita mbele ya seremala, kaenda moja kwa moja kwa kijana wa kuchimba ambaye alikua ndani ya mtaro hadi kiunoni, "bosi saini hapa". Kijana wa watu kachanganyikiwa, kanyoosha kidole kwangu, "fundi yule pale". Dereva kaniangalia toka buti mpaka helmeti, akasema samahani dada nilijua wewe wa chakula. Nilisaini baada ya kupanda juu kukagua mzigo, na mzigo ulikua pungufu, umesambazwa kingo zimejaa katikati bonde. Akapunguza bei hapo hapo bila maneno mengi.

Juni 4: msingi na jamvi

Kozi nne za msingi, kifusi, kushindilia, nailoni, jamvi (zege la chini ya sakafu) nchi 3. Mifuko 12 ya saruji kwa jamvi, saruji 1 kwa mchanga 2 kwa kokoto 4, tunapima kwa ndoo sio kwa chepe. Hamna la kusimulia hapa ila kuhusu kubeba.

Mfuko wa saruji ni kilo 50 na mazoea ya saiti ni mtu mmoja begani. Sisi ni watu wawili kwa mfuko, basi. Zege halibebwi kichwani, tumeweka mbao njiani toroli ipite. Mafundi wa kiume wa nyumba ya jirani walitucheka kwamba tunadeka. Baada ya siku tatu nao wametandika mbao. Hawajasema kitu na sisi hatujasema kitu.

Juni 14: ukuta umetoka nje

Hii ndo sehemu ngumu ya shajara hii.

Ukuta wa mashariki alipewa yule mama wa mtoto, kona yake ya kwanza kupandisha peke yake. Kozi ya kwanza mpaka ya tatu nimekagua ziko sawa. Nikaenda mjini na Mama kufuata nondo. Nimerudi jioni nikaweka timazi kozi ya sita, ukuta umelalia nje sentimita moja na nusu. Kwa macho ulikua unaonekana mzuri kabisa, uzi umenyooka, viungo visafi.

Fundi wa jirani alikua ameshapita, kasema kwa sauti ya kusikika, "ndo mambo ya kina mama hayo". Mwenzetu machozi yanamlenga, ananiambia dada mimi kila tofali niliweka pimamaji, tone lilikua katikati. Wenzie wakaanza kusema alikua anaharakisha kwenda kunyonyesha.

Nikachukua ile pimamaji. Nikaiweka kwenye ukuta wa magharibi ambao tayari nimeuhakiki kwa timazi, tone likakaa nje ya mstari upande mmoja. Nikaigeuza, upande wa juu ukawa chini, mahali pale pale. Tone likakimbia nje ya mstari upande wa pili. Pimamaji ndo ilikua bovu! Tulinunua mbili, moja ya 35,000 na nyingine ya kwenye meza barabarani ya 8,000 kwa kubana matumizi, na yeye kama mwanafunzi ndo kapewa ya 8,000. Mimi muda wote natumia ile ya 35,000.

Kwahiyo hii iandikeni ukutani kwenu: kifaa chochote cha kupimia kinageuzwa kabla ya kazi. Kikisoma tofauti kabla na baada ya kukigeuza, hakifai. Haijalishi ni kipya. Na kifaa kizuri anapewa anayejifunza, anayejua anaweza kujinasua na kibovu.

Tumebomoa kozi tatu, ya nne mpaka ya sita, yeye mwenyewe kwa mkono wake kachana taratibu mchanganyiko ukiwa bado mbichi. Zimevunjika tofali 18 na mfuko mmoja wa saruji umeenda, tumemlipa Mama 45,000. Fundi wa jirani nilimwita nikamwonyesha pimamaji ikigeuzwa. Kaitazama, akaomba dakika, akaenda kuleta ya kwake aigeuze pale pale kwenye ukuta wetu. Sitasema ilisomaje.

Timazi nayo ilitusumbua. Juni na Julai Dodoma ni upepo tu, chuma cha timazi kinabembea huwezi kusoma. Dawa ni ndoo ya maji: chuma kizame ndani ya ndoo, uzi unatulia.

Juni 25: lenta imepasua boksi

Lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, imezunguka nyumba nzima pamoja na ukuta wa katikati, mita 25 na kidogo. Nondo nne mm 12, ringi kila sentimita 20. Dodoma iko kwenye bonde la ufa, matetemeko sio hadithi hapa, kwahiyo lenta ya kukatia juu ya mlango na dirisha tu mimi sijengi hata mteja akilia gharama. Kufunga nondo wamejifunza haraka kuliko kitu chochote, mmoja ana spidi ya kukunja waya ambayo mimi sina.

Seremala alifunga boksi la kumwagia zege kwa mbao za nchi moja, akabana kila mita. Tunamwaga, tumefika upande wa nyuma, ubao wa nje ukaanza kuvimba, alafu ukaachia pwaaa! Zege lote la kipande kama mita mbili liko chini kwenye mchanga. Bahati hakukua na mtu chini, maana sheria yetu ni hakuna kupita chini ya boksi wakati wa kumwaga.

Sababu zilikua mbili zimekutana. Mbao zilikua mbichi zimejikunja na jua, na zege letu tulilizidishia maji ili lishuke vizuri kwenye nondo, kwahiyo likawa zito na jepesi kukimbia kwa pamoja. Seremala alitaka kunilaumu mimi kwa maji, mimi nataka kumlaumu yeye kwa mbao, tukaacha, zege haisubiri ugomvi. Tuliziba mwisho wa kipande kizuri kwa ubao wima ili kiungo kiwe kimenyooka, tukafunga upya kwa kubana kila nusu mita na waya kukatisha ubao wa nje na wa ndani, asubuhi tukachokonoa uso wa zege la jana kwa ncha ya sululu, tukalowesha, tukamwaga uji wa saruji ndo tukaendelea. Mifuko miwili na ubao, 52,000.

Julai 8: bati, na makaratasi

Kozi tatu juu ya lenta, kenchi, bati. Seremala kaongoza, mimi nilikua msaidizi wake, na hapo hakuna kilichoharibika.

Nikatumia muda huo kufuatilia makaratasi, ambayo kwa maoni yangu yanachosha kuliko zege. Niwape tulichopata.

Kwa mtu mmoja mmoja mwenye ujuzi wa mtaani, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Huendi kukaa darasani mwaka mzima, unapimwa unachokijua, kwa maswali na kwa mikono, ukionekana unaweza unapata cheti chako, pengo likiwepo unaambiwa ulizibe. Seremala wetu na wawili kati ya wale wanne wanaenda. Kitu kilichowasaidia ni picha. Tangu Mei kila mtu anapigwa picha akiwa anafanya kazi, uso unaonekana, mkono na kifaa vinaonekana, tarehe ipo. Fanyeni hivo toka siku ya kwanza. Miaka yote ya kubeba zege hakuna hata mmoja wao mwenye picha yoyote ya saiti.

Kwa kikundi, halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inataka asilimia 30 ya manunuzi itengwe kwa makundi maalumu, wanawake wakiwemo, zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa zabuni mtandaoni. Ukisikia asilimia 30 unaona utajiri, ila bila kusajiliwa, bila akaunti ya benki ya kikundi na bila kazi uliyowahi kufanya ikaandikwa mahali, hiyo 30 inapita mbele yako kama daladala iliyojaa. Ndo maana mkataba na Mama tumeuandika, umesainiwa, na kazi ikiisha tunaomba barua. Kuitwa mkandarasi ni habari nyingine, hiyo ni Bodi ya Usajili wa Makandarasi, madaraja yanaanzia la saba chini mpaka la kwanza juu na lazima uwe na mtaalamu mwenye sifa. Bado hatujafika huko.

Ofisi moja sitaitaja, karani kapokea fomu, kasoma, kauliza "na fundi wenu mkuu ni nani?" Mimi. "Hapana, fundi mwenyewe, wa kiume." Nikafungua simu nikamwonyesha lenta. Kaangalia picha muda mrefu, kagonga muhuri. Sikuona haja ya kugombana nae, muhuri ndo nilioufuata.

Julai 21: lipu imetoa chumvi

Niliwaambia itarudi.

Boza lilichelewa siku ya lipu ya chumba cha pili. Mchanganyiko mkavu uko tayari, jua linapanda, mmoja akachota kisimani ndoo kadhaa, nia yake njema kabisa kazi isilale. Hakuna aliyeona. Wiki iliyofuata sehemu ya chini ya ukuta, kama mita moja toka sakafuni, imeota unga mweupe. Ukifuta kesho umerudi.

Wa kwanza kushauri walisema paka rangi itafunika. Haifuniki, chumvi inaisukuma rangi inabanduka. Kuosha kwa maji tulijaribu ikawa mbaya zaidi, maji yanaiyeyusha yakikauka inatoka tena nyingi. Kilichofanya kazi ni kukwangua kwa brashi ya waya pakiwa pakavu na kufagia unga wote nje, pale palipozidi tukabandua lipu yote mpaka kwenye tofali, tukaacha ukuta upumue wiki nzima, alafu lipu mpya kwa maji ya boza. Mpaka leo naandika ukuta ni safi. Mifuko miwili na brashi, 38,500.

Aliyechota hatujamkata hela. Tulichofanya ni kuweka mapipa mawili ya akiba, boza likichelewa tunamalizia na hayo, yakiisha kazi inasimama. Lipu nyingine shida ilikua upepo tu, inakauka haraka inapasuka nyufa za nywele, tumeziba madirisha kwa viroba na kumwagilia mara tatu kwa siku.

Agosti 2: kukabidhi na hesabu

Mama kazunguka na kijiti anagonga sakafu kusikiliza kama kuna pengo chini. Kagonga kila kona. Akasema haya, akatoa barua yetu imeandikwa kwa mkono kurasa mbili, tumemwomba aifupishe ipigwe chapa.

Mapato 3,600,000. Matumizi:

Malipo ya mafundi na wasaidizi 2,745,000
Vijana wa kuchimba 160,000
Binti wa kushika mtoto 140,000
Choo cha muda 92,000
Vifaa kinga 215,000
Zana, futi, miko, timazi, pimamaji 168,000
Fidia: ukuta 45,000, lenta 52,000, lipu 38,500

Jumla 3,655,500. Tumeingia hasara 55,500. Msione tumefeli sana, buti na zana za 383,000 zipo zinaenda saiti nyingine. Ila mtu anayeiga asitegemee faida kazi ya kwanza, na bei ya ufundi tuliipunguza kwa woga wa kukosa kazi, fundi wa jirani nyumba kama hii anatoza milioni nne na hakuna anayemuuliza.

Ngazi ya malipo ilivoisha: wawili wamefika 25,000, mmoja 18,000. Wa nne aliondoka katikati ya Julai, kapata kibanda cha chakula karibu na stendi, anasema hela ya kila jioni ni bora kuliko kusubiri ya Jumamosi, na ana watoto wanne. Simlaumu. Kosa la mpango wetu ni kulipa kwa wiki wakati deiwaka kazoea kwa siku, saiti inayofuata nusu inatoka jioni nusu Jumamosi.

Agosti 16

Nane Nane ya Nzuguni imepita, mji umetulia, tumeanza kuulizwa bei. Mama kaongea na mwenzie wa kwaya, vyumba vitatu na choo cha ndani. Tumetoa 5,200,000, choo cha muda na vifaa kinga vimo ndani ya bei na vimeandikwa kwenye mkataba. Kalalamika, kaenda kuuliza kwingine, karudi juzi kwa 5,000,000. Tunaanza Jumatatu ya tarehe 25.

Mama wa mtoto alichukuliwa wiki mbili na yule fundi wa jirani, ana boma kubwa Nala. Kampa ukuta wa mbele, 25,000 kwa siku, kwa sharti aje na pimamaji yake.